Buibui lisigeuke kiza: kuprinti picha na kadi nyumbani

Ntaanza na hili manake ndo kubwa: printa yako haina makosa. Au tuseme mara nyingi haina. Mtu ananunua printa, anatoa picha ya kwanza, inatoka nyeusi tititi ama ina mistari ama mtu kakatwa bega, basi anaanza kuitukana printa na aliyemuuzia, na mwezi ukiisha utaikuta juu ya kabati imefunikwa leso. Kumbe kilichoharibu ni faili aliyoipa na karatasi aliyoitia, na hapa kwetu Mombasa ongeza na hewa, manake hii hewa yetu ya unyevu na chumvi ina ugomvi na kila kitu cha karatasi. Printa yenyewe inafanya vile imeambiwa tu, maskini.

Haya, faili. Picha nyingi tunazotaka kuzitoa siku hizi zimetoka WhatsApp, na hapo ndo pa kuanzia. Dadangu ataniletea picha ya harusi, "nitolee kubwa ya A4 niitie fremu", nikiitazama ishapita kwenye magrupu ya familia yote mpaka imechoka. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600 hivi, hata kama simu iliyoipiga ilikuwa ya megapikseli 12, yani kama 4000 kwa 3000. Sasa printa inapenda nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya kawaida ya albamu, ile ya inchi 4 kwa 6, inataka pikseli 1200 kwa 1800, kwahiyo hiyo ya WhatsApp inapungukiwa kidogo tu na hakuna atakayejua. Lakini A4 inataka 2480 kwa 3508, ukiitandaza hiyo 1600 yako pale unapata hata nukta 140 kwa inchi hazifiki, na juu ya hapo ishabanwa, basi uso wa bi harusi unatoka umelainika vibaya, kope hazionekani, hina ya mikononi imekuwa doa la kahawia. Halafu lawama kwa printa.

Dawa ni rahisi, mwambie akutumie kama dokumenti, si kama picha. Ile alama ya kiambatisho, achague dokumenti, aitafute picha humo, faili inakuja nzima vile ilivyo. Ile HD waliyoileta 2023 ni afadhali kuliko kawaida ila bado si faili yenyewe. Ama aje na waya, ama imeili, ama Drive, chochote. Isipokuwa skrinshoti. Mtu akinitumia skrinshoti ya picha iliyoko kwenye stetasi ya mtu mwingine, na jina na saa zinaonekana kwa juu, huyo simjibu mpaka kesho yake.

Na hizo nukta 300 si sheria ya msikiti. Picha ya ukutani unaitazama ukiwa umekaa kwenye kochi, 200 zinatosha na hata 180 haina neno. Picha ya kushikwa mkononi ndo inataka 300.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni umbo. Simu nyingi zinapiga picha za 4 kwa 3, na karatasi ya picha ni 6 kwa 4, haziko sawa. Ukitaka picha iliyosimama ijae karatasi ya 4 kwa 6 yote, upana wake unakuwa 4 na nusu, ile nusu inchi lazima iende. Kompyuta haijui nani ni nani, inakata robo huku robo kule, na kwenye picha ya watu wengi aliyesimama mwisho ndo anaondoka na bega lake, na siku zote huyo ni shangazi mwenye maneno. Kwenye Windows ukifungua dirisha la kuprinti picha kuna kisanduku chini pale kimetiwa tiki tayari, cha kuijaza picha kwenye fremu, kitoe tiki uone picha nzima na mipaka yake myeupe kisha uamue mwenyewe. Mimi hukata picha kwa mkono kabla, naifungua kwenye programu yoyote ya picha, nachagua uwiano wa 4 kwa 6, naisogeza mpaka kila mtu yumo. Na ukichagua ile ya kutoa bila mpaka mweupe jua printa inaikuza picha kidogo zaidi ili wino upite ukingo, kwahiyo unapoteza tena, na wino unaomwagika nje unanyonywa na sponji iliyo ndani ya printa, na hiyo sponji ina siku yake ya kujaa. Mpaka mweupe mbona mzuri tu, picha za zamani zote zilikuwa nao.

Sasa buibui. Hili ndo somo langu hasa, na sijaona mtu analieleza manake wanaoandika haya mambo kwao hakuna mabuibui. Picha za shughuli zetu zina vitu viwili vigumu kuliko vyote kwa printa: kina mama kumi wamevaa mabuibui meusi wamekaa pamoja, na kina baba wamevaa kanzu nyeupe wamesimama kwenye jua la saa saba. Kwenye simu unaona mikunjo ya buibui, unaona nakshi za mikononi, unaona nani anaishia wapi. Ukiprinti hivyo hivyo, wote wanakuwa kitu kimoja cheusi na nyuso zinaelea juu. Sababu ni kwamba skrini ina taa yake ndani na karatasi haina, karatasi inategemea mwanga wa chumba, kwahiyo vile vivuli ambavyo skrini inavionesha kwa nguvu ya taa, kwenye karatasi vinamezwa vyote. Na kanzu ni kinyume, printa haina wino mweupe, nyeupe ni karatasi yenyewe, kwahiyo mahali ambapo kanzu imeungua kwa jua printa haitoi kitu, inaacha karatasi tupu, na ile tarizi ya shingoni iliyomgharimu mtu pesa zake haionekani.

Nnavyofanya: kwanza napunguza mwangaza wa skrini, naushusha mpaka karibu nusu, manake wengi tunaweka mwisho kabisa na tunadanganyika. Halafu kwenye programu napandisha vivuli peke yake, si mwangaza wote, ukipandisha mwangaza wote nyuso zinapauka. Kuna kitelezo cha vivuli kwenye programu karibu zote hata za simu, na cha sehemu angavu nakishusha kidogo kwa ajili ya kanzu. Picha inaonekana imefifia kidogo kwenye skrini, sawa, usiogope, kwenye karatasi inarudi. Kabla ya kutoa kubwa natoa jaribio, nakata kipande cha picha chenye buibui na uso na kanzu, nakitoa kidogo kwenye kona ya karatasi ile ile nitakayotumia, naenda nacho dirishani. Si chini ya taa ya umeme, dirishani. Kipande hicho kimeniokolea karatasi nyingi mno.

Na ile ya printa kurekebisha picha yenyewe, zima. Inajitia kujua. Inaona uso mweusi inadhani picha ni giza, inaung'arisha mpaka mtu anakuwa kijivu. Hii si habari mpya, tangu miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara zao kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na rangi ya ngozi "sawa" ilikuwa ndo ile yake. Mashine zimebadilika lakini mimi bado siziachii ngozi ya mamangu zinirekebishie.

Rangi za leso pia zina maneno yake. Kisutu haisumbui, nyekundu nyeusi nyeupe inatoka vizuri. Lakini zile za Biashara Street mpya mpya, pinki kali inayopiga kelele, kijani cha ndimu, buluu inayowaka, hizo hazitoki vile zilivyo, usijisumbue. Skrini inachanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, printa inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na kuna rangi ambazo wino hauzifikii kabisa. Mtu ameshona sare ya shughuli pinki ya kuwaka na anataka itoke hivo hivo kwenye karatasi, mwambie mapema. Na usihangaike kuigeuza faili kuwa ya rangi nne mwenyewe ati ndo kitaalamu, hizi printa za nyumbani zinataka faili ya kawaida ya nyekundu-kijani-buluu na zinajigeuzia zenyewe, ukizigeuzia unazichanganya.

Karatasi. Hapa pesa ndo inapopotea. Karatasi ya ofisi ni gramu 80, ukitoa picha juu yake wino unazama na karatasi inajikunja, hiyo ni ya fomu za shule tu. Karatasi ya picha inaanzia kama gramu 180, nzuri ni 230 mpaka 260, na ina upande mmoja uliopakwa dawa ya kushika wino. Upande mmoja! Ukiitia kinyume wino unakaa juu kama jasho na haukauki mpaka Idi. Ukiwa hujui ni upande gani, lowesha kidole kidogo sana uguse kwenye pembe, upande unaonata ndo wa kuprinti.

Tena kuna mtego mwingine. Ukienda duka la karatasi ukasema unataka karatasi inayong'aa ya kadi, unaweza kupewa ile ya viwanda vya uchapaji, nzuri, nzito, inang'aa, bei nafuu, ukafurahi. Hiyo imetengenezwa kwa mashine kubwa za uchapaji na za leza, zile zinazobandika unga kwa moto badala ya wino. Printa ya wino wa maji haiiwezi, wino hauingii, unateleza, ukigusa unaondoka na kidole. Na kinyume chake ni khatari zaidi, karatasi ya picha ya wino ukiitia kwenye printa ya leza, ile dawa yake inayeyuka kwa moto wa ndani na inaganda kwenye roli, hapo umeua mashine, na kama ni mashine ya ofisi ya watu ndo utajieleza vizuri. Soma paketi, imeandikwa ni ya inki ama ni ya leza.

Ukishaitia, iambie printa ni karatasi gani. Watu hawafanyi hivi! Wanabonyeza tu ile ya kuprinti. Printa nyingi za siku hizi za matangi ya kujaza wino zina wino mweusi wa namna moja na rangi za namna nyingine. Mweusi ni wa chembechembe, mzuri kwa maandishi kwenye karatasi ya kawaida, rangi ni za kuyeyuka. Ukiiachia printa idhani hiyo ni karatasi ya kawaida, inamwaga ule mweusi wa chembechembe juu ya karatasi inayong'aa, na pale haushikani, unakaa juu, unachafua. Ukiiambia ni karatasi ya picha inauacha ule mweusi, inatengeneza nyeusi kwa kuchanganya rangi zingine, na inapunguza mwendo. Kile kitu cha kuchagua kiko pale pale ukibonyeza Ctrl na P kisha uingie kwenye sifa za printa, aina ya karatasi na ubora, viwili hivyo tu vinageuza picha kabisa.

Nikija kwenye hewa sasa, na nyie wa bara mtanisamehe, hapa nazungumza na wa pwani. Karatasi ya picha ukiiacha wazi kwenye rafu wakati wa kaskazi, ama mbaya zaidi wakati wa mvua za masika, inakunywa unyevu. Inajipinda, printa inavuta mbili mbili, kichwa kinaigusa na kuacha alama za wino ukingoni. Paketi ukiifungua irudishe kwenye mfuko wake wa plastiki, ikunje, na utie vile vifuko vidogo vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mimi watu wa nyumbani wote wanajua havitupwi. Picha ikitoka usiifunike, usiipange juu ya nyingine, iache siku nzima. Inaonekana imekauka baada ya dakika tano lakini haijakauka, maji yametoka lakini vile vimiminika vingine vya ndani ya wino vinachukua muda, ukiitia kwenye albamu ya plastiki mapema inatoa ukungu ndani ama inagandana na plastiki na hapo haitoki tena nzima. Feni iwake chumbani sawa, ila isiipigie picha usoni, inaleta vumbi. Na picha ya fremu usiigandishe kwenye kioo, weka ukingo wa karatasi ngumu kati yake na kioo, manake kioo kinatoa jasho. Na isitundikwe mkabala na dirisha la jua, wino wa kuyeyuka unapauka haraka, samawati na majenta vikianza kwenda watu wanabaki na sura za homa ya manjano.

Mtu ataniambia, mbona picha za nyanyangu za studio, zile za nyeusi na nyeupe za miaka ya 50 na 60, za kina Parekh hapa mjini, mpaka leo zipo na hewa ni hii hii? Ndio, zile ni fedha, madini ya fedha ndani ya karatasi, si wino, na ziliogeshwa vizuri. Ukiwa nazo usizichokore, ziskani. Picha ndogo iskani kwa nukta 600 kwa inchi ili ukitaka kuitoa mara mbili ya ukubwa wake ibaki na 300, na skani kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, ule uhudhurungi wake ni sehemu ya picha.

Stima nayo. Printa ya wino usiizime ukutani, izime kwa kitufe chake chenyewe, manake ikizimwa kwa kitufe inarudisha kichwa mahali pake na kukifunika kisikauke. Stima ikikatika katikati ya kuprinti, na inakatika, kichwa kinabaki wazi, kwahiyo ikirudi iwashe hata kama huna haja nayo ijirudishe yenyewe. Toa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, hata kama ni picha ya paka. Ikianza kutoa mistari toa kwanza ile karatasi ya kupima matundu uone ni rangi gani imeziba, kisha safisha mara moja, mbili, halafu iache ipumzike mpaka kesho. Wengine wanabonyeza kusafisha mara kumi mfululizo, kila safari inakunywa wino, wanamaliza tangi kwa kusafisha.

(Hizi printa zenyewe zina hadithi nzuri. Canon mwaka wa 1977, injinia wao Ichiro Endo, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa sindano ya bomba lenye wino, wino ukaruka. Wakafikiri, kumbe joto linaweza kurusha wino. Mpaka leo Canon na HP wanachemsha wino ndani ya kitundu kidogo mno urushwe na povu, na Epson wao hawachemshi, wana kijiwe kinachojikunja kwa umeme na kuusukuma.)

Kadi sasa, na hapa nna raha zaidi, manake kwa picha tupu ukweli ni kwamba studio zenye mashine ya kusafisha picha zinakushinda bei na uimara, ukiwa na picha za harusi mia mbili zipeleke huko, usijitie ushujaa. Lakini kadi chache, kadi za akika, mwaliko wa hitima, kadi ya Idi ya kupelekea majirani, ratiba ya Ramadhani ya kubandika jikoni, hizo nyumbani ndo pake. Mchapaji mkubwa hataki kusikia kadi thelathini, na akizikubali ubadilishe saa moja tu ya walima umelipia upya.

Kwa kadi ya kukunja tumia A4 ukikunja katikati unapata A5, ukiikata A4 vipande viwili na kukunja kila nusu unapata A6 ambayo inatosha bahasha ndogo. Kumbuka upande wa nje nusu ya kulia ndo uso wa kadi na nusu ya kushoto ndo mgongo, watu wanaweka kinyume kila siku. Kwa pande mbili chukua karatasi ya kawaida kwanza, andika "juu" kwa penseli, ipitishe, uone inatoka imegeukia wapi, ndo uguse karatasi nzuri. Uzito, printa nyingi za kulisha karatasi kwa nyuma zinakubali nzito kuliko zile za trei ya mbele ambazo zinaikunja karatasi ndani zigeuke, angalia kitabu chake. Na usikunje kadi kwa vidole tu, weka rula, pitisha kalamu ya biki iliyoisha wino pale pa kukunja, ubonyeze mfereji, halafu kunja, inakaa kama ya dukani. Kama uso wa kadi ni rangi nzito na umeutoa kwa leza, acha ule mstari wa kukunja usiwe na rangi, ule unga wa leza unapasuka pale na kuonesha weupe.

Maandishi ya Kiarabu ndo yanaumbua watu. Ushaona kadi imeandikwa Bismillahi herufi zimetengana, zimeanzia kushoto, haisomeki na hakuna aliyejua mpaka kadi zimefika kwa maustadhi? Ni programu isiyojua kuunganisha herufi. Word inajua, LibreOffice ambayo ni ya bure inajua, tumia hati, yani fonti, kama Amiri ambayo pia ni ya bure na ni nzuri mno. Ukimaliza itoe PDF, na hiyo PDF ndo uprinti ama uipeleke saiba, manake ukipeleka ya Word na kompyuta yao haina fonti yako, kila kitu kinahama. Na mlio na kadi zenu za zamani kwenye Publisher, ile programu ya kupangia kadi, Microsoft wamesema wanaisimamisha Oktoba 2026, zigeuzeni PDF mapema.

Halafu kuna suala la aya. Kadi nyingi za harusi zinawekwa aya ya 21 ya Suratu Rum, ya wake na mapenzi na huruma, ni aya tukufu, lakini kadi baada ya harusi inaishia wapi? Kwenye pipa, ama imefungiwa bajia. Mimi nawaambia wenye shughuli waandike tu kwa ufupi kwamba ni kwa idhini ya Mola, aya wasomewe msikitini. Wengine wanakubali wengine wananiona mkaidi. Kadi ni yao.

Kile kiboksi cha kuskani kwa simu, cha QR, kinachopeleka watu kwenye ramani, kimesaidia kweli hasa kwa kumbi za Kisauni na Bamburi ambako maelekezo ni "ukipita mwembe". Kitoe cheusi juu ya nyeupe, kisipungue sentimita 2, usikipambe na dhahabu, na kijaribu kwa simu mbili kutoka kwenye kadi yenyewe iliyokauka, si kutoka kwenye skrini.

Na majina. Kama una orodha kwenye Excel, Word ina njia ya kuunganisha barua na orodha, unaandika kadi moja na yeye anatia jina la kila mtu kwenye kadi yake, hapo ndo kadi ya nyumbani inaipiku ya kiwandani. Ila kaa na mamako ama na ma mkubwa muipitie orodha kabla hujabonyeza, manake kuna anayeandikwa "Bi" na anayeandikwa "Maalim" na anayeandikwa "na familia", na huyo wa mwisho ukimpa "na familia" ujue wanakuja wote na jirani, ukimnyima hazungumzi nanyi mpaka mzae. Tengeneza safu yake peke yake kwenye Excel, "na familia" ndio ama la, ma mkubwa atie tiki mwenyewe kwa mkono wake. Wewe ubaki na mambo ya wino.